Tangazo la mwaka juzi bado linatembea

Ijumaa iliyopita nililala kwa kaka yangu, Kimara. Saa nne usiku chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, mtoto mdogo amesinzia kwenye kochi na sare yake ya shule, na wifi yangu yuko jikoni anapiga picha kopo la siagi ya karanga. Mtoto mkubwa ndiye aliyeshika tochi. "Inua kidogo. Siyo hivyo, unatia kivuli." Kopo lenyewe ni lilelile analouza tangu 2021, kifuniko chekundu kilekile.

Nikamuuliza picha mpya ni ya nini wakati simu imejaa za kopo hilohilo.

"Wifi, wewe huijui biashara. Usiporusha kitu kipya kila siku, wateja wanakusahau."

Wifi anauza unga wa lishe na siagi ya karanga. Duka lake ni WhatsApp, Instagram kidogo, na kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mko hivyohivyo: keki, sabuni ya maji, vitenge, nguo za watoto, viungo vya pilau. Mchana unatengeneza na kufunga oda, jioni unapika, na usiku, wakati ambao watoto walikuwa wakusimulie ya shuleni, unatafuta cha kuposti.

Kwa kawaida hapa naandika chanjo, mafua na vipele vya joto. Leo nimeingia kwenye simu ya mama mfanyabiashara. Nilidhani nakwenda kusaidia kupanga picha tu, nikakuta mambo yangu ya afya yananisubiri humo ndani.

Tuanze na hofu yake ya kusahaulika. Nilimwomba afungue stetasi aliyorusha siku iliyotangulia tuone walioitazama. Ana namba zaidi ya 400 za wateja. Waliotazama walikuwa 71. Stetasi hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo wengine wote zaidi ya 300 hawakuiona na hawataiona. Picha aliyoihangaikia dakika 40 ilikuwa mpya kwa karibu kila mtu kwenye simu yake, na angeirusha tena wiki inayofuata ingekuwa mpya bado. Mnadi wa samaki pale Feri hatungi maneno mapya kila asubuhi. Anasema yaleyale, kwa sababu wanaosimama mbele yake si walewale.

Wifi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini wapo wanaotazama kila siku."

Wapo. Wengi wao ni mashoga zake, na mmoja ni mama yake mzazi.

Jumamosi mchana, baada ya kufua, tukakaa barazani na simu yake, chaja na daftari kubwa la kaunta. Simu ilikuwa na picha zaidi ya 4,000. Zilikuwemo za kopo, za mvua iliyoingia sebuleni, risiti za miamala, skrinshoti za mapishi, kadi za michango ya harusi, na nyingine nyingi zilizojipakua zenyewe kutoka kwenye magrupu. Hilo la mwisho tulilifunga kwanza, maana kwenye mipangilio ya WhatsApp unaweza kuzuia picha za magrupu zisijihifadhi kwenye simu. Halafu tukaanza kufuta. Ilituchukua saa mbili na chupa nzima ya chai, na sikudanganyi kwamba ni kazi ya kufurahisha.

Zilizobaki za biashara zilikuwa kama 300. Tukazigawa kwenye albamu nne tu, kwa sababu ukiweka kumi na mbili utaacha kuzitumia wiki ya pili: bidhaa, namna ya kutumia, maneno ya wateja, na watoto. Hiyo ya nne ilikuwa na picha nyingi kuliko nilivyotegemea, na nitaieleza huko chini.

Mali yenyewe hatukuipata kwenye picha. Tuliipata kwenye mazungumzo yake na wateja. Swali la "uji huu unapikwaje?" lilikuwa limeulizwa mara nyingi mno, na kila mara wifi alijibu kwa sauti, dakika mbili nzima, akiwa jikoni, redio inasikika nyuma yake. Anaeleza vizuri sana. Anza na maji baridi, koroga unga ndani yake kabla hujabandika jikoni ili usifanye mabonge, uchemke dakika ngapi, uwe mzito kiasi cha kushika kijiko usitiririke kama maji. Kila jibu lilimpata mtu mmoja, likaishia hapo.

Tulichagua jibu moja lililo bora, nikaliandika neno kwa neno kwenye daftari, nikaondoa "yaani" na "umeelewa mpenzi". Jibu hilo sasa ni maelezo kwenye katalogi yake ya WhatsApp Business. Limekuwa pia jibu la haraka, ambalo akiandika alama ya "/" na neno "uji" linatokea lote. Limegawanywa kuwa stetasi tatu, na limechapishwa kwenye kikaratasi kinachoingia ndani ya pakiti. Sauti yenyewe imehifadhiwa, kwa mteja asiyependa kusoma. Ni kazi ya dakika mbili aliyokwisha kuifanya zamani, nayo inamtosha wiki kadhaa.

Kwenye daftari kila tangazo lina mstari wake: tarehe lilipotengenezwa, tarehe lilipotoka, bei iliyoandikwa, na oda zilizokuja kesho yake. Nilitaka tufanye kwenye programu ya kompyuta, akaniangalia tu. Daftari linakaa juu ya friji na kila mtu nyumbani analiona. Alikuwa sahihi.

Ni safu ya tarehe ndiyo iliyotuingiza kwenye jambo lenyewe.

Tulipokuwa tunapanga, iliingia meseji kutoka kwa mteja mpya. Alituma posta ya unga wa lishe yenye jina na namba ya wifi, mandhari ya kijani, akaandika: "Dada, huu wa miezi minne bado upo? Wangu katimiza jana." Kwenye posta, kwa herufi kubwa: KUANZIA MIEZI 4. Chini yake: HUTIBU UTAPIAMLO, HUONGEZA UZITO NDANI YA SIKU 7. Na pembeni, kwa maandishi madogo: ongeza kijiko kimoja cha asali kwa ladha.

Wifi alishtuka. Aliitengeneza mwanzoni kabisa mwa biashara, akaacha kuitumia miaka mingi iliyopita. Yeye mwenyewe amewanyonyesha wanawe miezi sita bila kuwapa kitu kingine, na kila anayempigia simu humwambia hivyo. Maneno ya ile posta aliyanakili kwa muuzaji mwingine. Ushahidi ulikuwa palepale: posta ilisema unga umethibitishwa na TFDA, jina ambalo liliisha 2019 pale mamlaka hiyo ilipogeuka TMDA na masuala ya chakula yakahamia TBS. Biashara yake imeanza 2021. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa na umri mkubwa kuliko biashara, na uthibitisho huo hajawahi kuwa nao. TBS ndiyo kwanza anafuatilia mwaka huu.

Posta haijui kwamba imestaafu. Ilikaa kwenye simu ya mtu miaka yote hiyo, siku moja mwenye simu akaulizwa na jirani "unga mzuri wa mtoto ni upi?", akaituma. Wifi hakuwepo kurekebisha.

Niwaeleze kwa nini nilisahau mambo ya albamu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani na wa kliniki zetu ni maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi mtoto atimize miezi sita, ndipo aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Uji wa miezi minne unajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa ya mama nayo yanapungua kwa kuwa hayanyonywi. Kikombe na maji vinaweza kuleta vijidudu, na kuhara kwa mtoto wa umri huo si jambo la kusubiri hadi Jumatatu. Mtoto kulia sana au kutazama midomo yenu mnapokula si dalili kwamba maziwa hayatoshi. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kliniki apimwe uzito.

Asali ndiyo iliyonitisha zaidi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ncha ya kijiko. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ya kupumulia. Kuchemsha uji hakuziui mbegu hizo. Ugonjwa huo ni wa nadra, ila sioni sababu ya kumweka mtoto kwenye hatari hiyo kwa ajili ya ladha.

Na hilo la kutibu utapiamlo: unga ni chakula, hata ukiwa mzuri namna gani. Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu, anahitaji hospitali leo. Mama akiambiwa na tangazo asubiri siku saba, atasubiri.

Nilipomwambia wifi haya, alikasirika kidogo. "Kila mtu anaandika hivyo. Nikiandika 'chakula cha nyongeza' nani atanunua?" Ni swali la haki na sikuwa na jibu zuri. Ni kweli ukipita mtandaoni utakuta unga unaotibu kila kitu. Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni ya kuuza vyakula mbadala wa maziwa ya mama tangu 1981, na mwaka 2016 ukatoka mwongozo unaogusa pia vyakula vya watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu: tangazo lisionyeshe kwamba kinafaa chini ya miezi sita, hata kwa picha ya mtoto anayeonekana mdogo kuliko hapo. Lakini kanuni haimlipii wifi ada ya shule. Nilichomwambia ni kwamba mteja wake wa kweli ni mtoto aliyefikisha miezi sita, na huyo atakula uji kwa miaka.

Basi, tufanye nini na tangazo lililokwisha kutoka? Ukweli wake si mtamu. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya takriban siku mbili na nusu tu tangu uutume, na nakala aliyoisambaza mtu mwingine huwezi kuigusa kabisa. Kinachobaki ni kulifuata tangazo kwa tangazo. Wifi alichukua ile posta ya kijani, akaichora alama kubwa nyekundu ya X, akaandika juu: "Posta hii ni ya zamani na ina makosa. Unga wangu ni kuanzia miezi 6. Usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1 asali. Samahani." Aliiandika, akafuta neno samahani, akalirudisha. Akaituma kwa wateja wote kwa makundi. (Orodha ya kutuma kwa wengi huchukua watu 256 kwa mara moja, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo wapo waliokosa.) Akairusha stetasi, akaibandika Instagram juu kabisa.

Majibu yalikuja usiku ule. Wengi waliandika "ahsante dada". Mmoja alitania kwamba sasa ndiyo anamwamini. Mwingine aliandika kwamba mwanawe wa kwanza alimuanzishia uji wa miezi minne kwa sababu ya posta ile, akaharisha wiki nzima, wakalazwa siku mbili, na alidhani ni meno. Hakulaumu, aliuliza tu kama inawezekana ndiyo ilikuwa sababu. Wifi alinipa simu nimjibu mimi. Nilimwandikia kwamba sasa hivi hatuwezi kujua. Wifi hakula chakula cha usiku.

Tangu hapo kila kitu anachotengeneza kina mwezi na mwaka pembeni, kwa maandishi yanayosomeka. Kabla hajarudia tangazo la zamani anakagua bei, namba ya simu, umri wa mtoto, na kila neno linalohusu mwili. Tuligundua pia kwamba 2022 alikuwa anaandika siagi ya karanga "inakaa mwaka mzima". Sasa anaandika miezi mitatu. Karanga zina tatizo la sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoathirika. Kukaanga hakuiondoi yote. Kinga ni kununua karanga zilizokauka vizuri na kuzichagua moja moja, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zikatupwa. Hiyo kazi ya kuchagua anaifanya kila wiki kwenye ungo na hajawahi kuipiga picha. Nilimwambia aipige. Kati ya matangazo yote tuliyopanga, picha ya mikono yake kwenye ungo ndiyo imeleta oda nyingi kuliko zote, na haikuwa na neno hata moja la kutibu.

Sasa ile albamu ya watoto.

Kulikuwa na picha za watoto wa wateja, midomo imejaa uji, zilizotumwa na mama zao kwa furaha. Wifi alikuwa anazirusha tu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na picha ya mtu ni taarifa yake. Sheria ukiiweka pembeni, mama aliyekutumia picha wewe hajaituma kwa watu 400. Tulikubaliana aombe ruhusa kwa meseji, aihifadhi meseji hiyo, na asiyejibu picha yake isitumike. Aliwaandikia kumi na tisa. Kumi na wanne walikubali, na wawili kati yao walitaka waondolewe jina. Anaweza pia kutumia maneno ya mteja bila sura ya mtoto, na kwa kweli maneno ndiyo yanayouza.

Halafu tukafika kwenye picha ya mpwa wangu mkubwa, yule mshika tochi. Ana miaka minane. Kwenye picha ana miaka mitatu, hana shati wala kaptura, amekaa kwenye beseni na bakuli la uji kichwani. Ni picha ya kuchekesha na imeshatumika mara sita, wifi anaipenda. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yetu muda mrefu kumbe. Akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mwambie mama aitoe hiyo." Rafiki yake shuleni aliiona kwenye simu ya mama yake, na darasa zima wanamwita Beseni.

Hakuwahi kumwambia mama yake. Wifi alimuuliza kwa nini, akajibu, "Wewe ulisema inaleta wateja."

Ilifutwa palepale, Instagram na kwenye albamu. Kwenye simu za watu, kama ile posta, ipo.

Mengine nayapitia haraka. Hifadhi nakala nje ya simu, maana simu ikiibiwa kwenye daladala duka zima limeondoka. Fahamu kwamba akaunti ya bure ya Google ina GB 15 kwa barua pepe, picha na, tangu 2024, nakala za WhatsApp za simu za Android, kwa hiyo kufuta takataka kwanza si anasa. Asiye na bando la kutosha anunue memori kadi, ahamishie albamu zake mara moja kwa mwezi.

Wifi sasa anapanga matangazo ya wiki nzima Jumapili alasiri, karibu saa moja. Matano yanatoka kwenye daftari na mawili ni mapya. Siwezi kusema usiku wake umekuwa mtulivu. Jumatano kaka alinipigia kuniambia mkewe yuko jikoni na tochi tena, safari hii kwa sababu kapata makopo ya rangi nyingine. Mpwa wangu aligoma kushika.

Na yule mama wa mtoto wa miezi minne? Wifi alimrekodia sauti siku ileile, akamwambia ukweli, kwamba hatamuuzia kwanza. Mama akajibu "haya dada, ahsante", basi. Nilidhani ameenda kununua kwingine. Lakini jana wifi alinitumia picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari. Ameanzisha orodha mpya, mstari wa kwanza una namba ya yule mama, na pembeni ameandika: "Anatimiza miezi 6 mwezi wa kumi na moja, tarehe 14. Kaomba akumbushwe. Mtumie sauti ya kupika uji."